Anza na Kulia

Shikamoo, Bi Zena. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, nikaivuta kidogo kama ulivyokuwa ukiivuta, maana nyumba hii siku hizi ukisema neno linakurudia lilivyo.

Nakuandikia kwa sababu kaburi lako silijui. Wanaume walikubeba wakapita nawe na tahalili yao, wakakata kona ya kwa muuza mkaa, na sisi wanawake tukabaki uani na ndoo tupu, maji tuliyokuoshea yakizama kwenye mfuo, kile kishimo chake. Mmoja ananiambia umelazwa karibu na ukuta. Mwingine anasema hapana, ni kule chini kwenye mteremko. Wanaume bwana, wanazika kama wanaotua mzigo, wakirudi wameshasahau walipoutua. Basi nimeona heri karatasi. Nikichekesha, cheka. Uhai wako wote hukuwahi kunionea haya.

Nilikwenda India, Bi Zena. Nimekwenda peke yangu na nimerudi peke yangu, na huyu aliyerudi hana wa kumsimulia. Mwanangu Rehema nilimpigia simu Mwanza, akauliza salama, akauliza wamesemaje, mtandao ukakatika, hakupiga tena. Simlaumu, ana watoto na ana duka. Ila kabla sijaondoka aliniambia neno ambalo mpaka leo ninalo kooni: "Mama, kwa umri huo nani anakuangalia?" Nikasema kweli, hakuna. Nikakata simu. Sikuweza kumwambia kwamba yuko atakayeniangalia, huyo atakayeniosha siku nitakayokuwa sina hata mkono wa kujifunika.

Wewe ulijua. Wewe peke yako.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukiwa hai ulikuwa unanikatiza. Yote yalianzia Kagunga, mwaka ule Warundi walipojaa ufukweni hadi ikawa huna pa kukanyaga, watu na magodoro na mbuzi, milima nyuma yao na ziwa mbele. Wewe mwenyewe ulivuka ziwa hilohilo kutoka Rumonge ungali mke mchanga, mwana mgongoni, ukashuka Ujiji ukasema unapumzika kidogo, ukapumzika maisha yako yote. Siku uliposikia kwamba kuna watu wanafia mchangani bila wa kuwaosha, uliacha sufuria jikoni. Ukaja mlangoni kwangu Kasingirima na mfuko wako wa kafuri na majani ya mkunazi, ukasema twende. Hukuuliza kama nina nafasi.

Boti ilipotaka kuondoka nahodha aliniangalia nilivyo, akaniangalia tena, akaniambia nikae katikati kabisa na nisisogee mpaka tufike. Unakumbuka? Enzi hizo sokoni waliniita Meli. Nilikuwa nauza mawese nimekaa, nahesabiwa nimekaa, na nikitembea watu walinipisha kwa heshima, ndivyo nilivyodhani. Na wewe ulikuwa umeanza kunifundisha kuosha maiti tangu mume wangu alipofariki, ukisema mjane asiye na kazi ya mikono huota maneno.

Kagunga tulimwosha yule binti aliyekufa kwa homa. Mwislamu wa kwenu, wa Rumonge, na hakuna aliyejua hata jina la baba yake. Wanawake wakasimama mduara wakishika khanga, migongo kwetu, nyuso nje. Hapakuwa na kitanda, alilala juu ya mbao mbili. Mimi nikapiga magoti kwenye mawe, na nikishapiga magoti ndiyo basi, sikuweza kuinuka. Wakaja wakimbizi wawili kunivuta, wanawake ambao hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake, wananivuta mimi niliyekula kwetu asubuhi. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa uzito ule nadhani ingekataa.

Wewe hata hukugeuka. Ulikuwa umemshika yule binti bega, unamwambia kwa Kirundi kama unayemwamsha: "Humura, mwana wanje. Tunakugeuza." Usiogope, mwanangu. Ulikuwa ukiwaambia wote hivyo, wa kwenu na wa kwetu, hata Mmanyema asiyekijua, wewe humura tu. Mimi nilikuwa nikidhani ni dua. Nilipokuuliza ulisema siyo dua, ni adabu. Huwezi kumgeuza mtu bila kumwambia.

Wakati wa kurudi, katikati ya maji, ndipo ulipolitoa lile neno lako. Ukasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa: "Mwavita, nakupenda. Lakini siku ukifa mimi nitakugeuza na nani? Niende bandarini nikaite makuli?" Nahodha alicheka hadi akashindwa kushika usukani. Mimi nilikununia. Nilikununia kweli, nikipita kwako naangalia upande wa pili. Halafu nikaanza kuacha ugali wa muhogo usiku, na mawese, na chai ya sukari, na alfajiri nikawa nashuka kwa miguu mpaka ziwani na kurudi. Daktari wa sukari alikuwa ameniambia mambo hayohayo kwa upole miaka mingi. Upole wake haukunishusha hata kilo.

Nikakonda. Na wewe unajua mji wetu: ukinenepa wanakuombea, ukikonda wanakuzika. Wakasema Mwavita amekanyaga miwaya, ana ukimwi. Wateja wakawa wanapokea chenji kwa ncha za vidole. Siku hiyo ulikuja sokoni, ukasimama mbele ya meza yangu, ukawauliza mbona wao wenye njaa ya bure wanamsema mwenye njaa ya kujitakia. Ukanunua mawese usiyoyahitaji, ukaonja kwa kidole changu. Kidole changu, Bi Zena, siyo chako. Soko zima likaona. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, nilijifanya naona kero.

Lakini nyama iliondoka na ngozi ikakataa kuondoka. Hilo hakuna aliyenionya. Tumbo likaning'inia hadi mapajani, mikono ikawa na mabawa, mgongo una mikunjo kama nguo iliyokosewa vipimo. Ndani ya mikunjo jasho, ndani ya jasho vidonda. Nikaacha kujitazama. Nikawa naoga giza, mlango na komeo, mjane mwenye nyumba yake anajificha kwake mwenyewe. Wewe ndiye uliyenilazimisha nivue. Ulikuwa unakuja Ijumaa baada ya watu kwenda msikitini, unainua ngozi kwa mgongo wa mkono, kama tunavyofanya kwa maiti ili kucha zisikwaruze, unafuta, unapaka poda, unashusha taratibu. Siku moja nilikuambia ngozi hii imenishinda. Ukasema ilikuwa kazini miaka mingi, iache ipumzike.

Na kazi yetu nayo ikanishinda. Huwezi kuosha na mikono mirefu, lazima ukunje, na nikikunja ile ngozi inacheza kila ninapomimina. Siku ya msiba wa kule karibu na Bangwe, yule shangazi wa marehemu aliangalia mkono wangu badala ya kumwangalia maiti wake. Aliuangalia mpaka nikasahau nimefika wapi. Toka siku hiyo nikawa wa kumimina maji tu, na mikono mirefu, nguo inalowa mpaka kiunoni.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, nawe ulikuwa wa kwanza kuisikia. Nilikuambia: wewe ni mzee kunizidi. Ukitangulia, nani ataniosha mimi? Ukasema Mama Saidi yupo. Nikakuambia heri waniache na tope langu. Mama Saidi, mwosha mwenzetu, ambaye akijua kitu asubuhi, adhuhuri kinajulikana mpaka Mwanga. Nilimwona atakavyoinua kitambaa, atakavyoinua tumbo langu na kutazama chini yake, na kesho yake sokoni watu wanaonyeshana kwa mikono lilivyokuwa refu. Ukanijibu kwamba Mama Saidi husema ya walio hai tu. Sikuamini.

Ndipo nikaamua kwenda India kukatwa ngozi hii. Niliuza kipande cha michikichi ya baba. Nilimwendea shehe, akauliza ni maradhi au ni urembo, nikasema ni vidonda, na ni kweli ni vidonda, akasema basi hakuna ubaya. La kuoshwa sikumtajia. Mambo ya wanawake na ndoo zao shehe atayajulia wapi? Na wewe uliahidi kunisindikiza mpaka uwanja wa ndege, na ukasema utavaa lile baibui jipya ili abiria wajue nina watu.

Masika yalipoanza, ukafa. Baada ya alasiri, juu ya mswala, bila kumsumbua mtu. Nilipofika walikuwa wamekwisha kukufunga taya.

Mwosha huoshwa, ndivyo wanavyosema, na wengine husema kwa kucheka. Mimi na Mama Saidi tuliingia tukafunga mlango. Sheria yako naijua: mwosha halii. Chozi lisimwangukie maiti. Kulia kwa mkono kwanza, ulikuwa ukisema, kulia kwa macho ukalie kwako. Nikaanza na mkono wako wa kulia. Nikakuambia humura. Mama Saidi alikwenda kuongeza maji ya moto, na ni wakati huo, nikiwa peke yangu nawe, nilipoinua kitambaa na kuona nilichokiona. Sikuwa nakijua. Miaka yote ile uliniosha mimi vidonda, na mimi sikujua wewe unabeba nini. Nikakiosha, nikakifunika, aliporudi na ndoo tulikuwa tumefika miguuni.

Sikulia. Sikulia siku ile, wala siku ya hitima, wala arobaini ilipofika. Nilingoja kulia mpaka nifike kwangu kama ulivyoniagiza, nikafika, nikakaa, hakuja mtu, halikuja chozi. Nikasema labda na lenyewe limekonda. Na walipokuja kunigongea kwa ajili ya maiti mwingine nikasema naumwa. Walipokuja tena nikasema nimesafiri, na ninawajibu mwenyewe kwa sauti yangu nikiwa nyuma ya mlango.

Basi nikaenda hiyo India. Pasipoti nilipokwenda kuichukua, kijana wa dirishani aliiangalia picha, akaangalia kitambulisho changu cha zamani cha Meli, akauliza huyu ni dada yako? Nikasema alikuwa dada yangu, amefariki. Akanipa pole. Nilikosa nguvu ya kumsahihisha.

Uwanja wa ndege wengine walikuwa wanapungiwa mikono. Mimi nilivaa baibui lako jipya, samahani, lilikuwa linaning'inia tu kwenye msumari. Nikajisindikiza.

Kule sikuambii mengi, ni joto na pikipiki na watu, na chakula kina pilipili utadhani wana ugomvi nacho. Hospitali ni kubwa, wagonjwa wote wana watu wao. Huyu ana mume, yule ana dada. Muuguzi kila akija aliangalia kiti cha pembeni yangu kwanza, kisha mimi. Wakanipa mkalimani, baba mmoja mwenye mvi, Mkongo wa Uvira, alikwenda kule kumuuguza mkewe, mke akafia huko, yeye akabaki anatafsiri wake za watu. Fikiria, ng'ambo ya ziwa letu tu, nimekwenda kumkuta huko! Tulisalimiana kama ndugu. Aliniuliza kama dagaa wa Kigoma bado wana mchanga.

Daktari ni mwanamke mwenye miwani, mfupi kama wewe. Mkalimani akakaa nyuma ya pazia, mimi nikavua, nikaonyeshwa kitanda. Sasa hapa ndipo utakapocheka. Kitanda kirefu, chembamba, kimetandikwa plastiki, taa juu. Mwili wangu ukakitambua kabla yangu. Nililala chali, miguu pamoja, mikono ubavuni, nikafumba macho, nikajilegeza kama tunavyomlegeza maiti. Yule muuguzi akaniita. Sikujibu, maiti hajibu. Akanishika shingoni kutafuta mapigo, nikasikia viatu vinakimbia, na mkalimani nyuma ya pazia anapiga kelele mama, mama, uko? Nikasema niko. Nikaambiwa nifumbue macho na niyaache hivyohivyo.

Daktari akavaa glovu. Akainua kitambaa kidogo tu, akaanza na mkono wangu wa kushoto.

Bi Zena, sijui ilitokea wapi. Ilitoka yenyewe, kwa sauti niliyokuwa nikiisikia kwako kila tulipofunga mlango. Nikamwambia: "Anza na kulia."

Mkalimani akasema maneno yake, na daktari akaacha mkono wangu. Akavua glovu. Akachukua karatasi laini kwenye boksi, akaniwekea kiganjani, akavuta kiti akakaa karibu na kichwa changu, akaweka mkono wake mtupu begani kwangu. Akangoja. Nikamwuliza yule baba nimesema nini kibaya. Akasema, mama, nimemwambia umeanza kulia. Kwao upande huu wanauita kuume. Kulia kwao ni kulia kwa machozi tu, hakuna kwingine.

Nilitaka kumsahihisha. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Na ule mkono ulikuwa begani, mkono wa mtu, haunifuti, haunipimi, umekaa tu. Toka wako hakuna mkono ulionigusa. Hata wa kupokea chenji. Basi nikalia, Bi Zena. Nikalia kwa sauti mbele ya Wahindi nisiowajua, uchi, kwenye kitanda cha kuoshea, nikalia msiba wako wote kuanzia taya mpaka miguuni. Daktari hakuondoa mkono. Nyuma ya pazia nikasikia yule mzee wa Uvira naye anapenga kamasi.

Tulipomaliza alianza na kulia. Mkalimani alimweleza, na akasikiliza kama jambo la maana. Akainua mikunjo kwa mgongo wa mkono. Nilishtuka, nikadhani nani kamfundisha. Akanichora kwa kalamu, hapa tutakata hivi, hapa tutavuta hivi. Akasema tumbo linawezekana na litanipumzisha vidonda, mikono nayo inawezekana ila itaacha makovu marefu mpaka kwapani, na kwamba kwanza sukari itulie, nije tena mwakani, na nije na mtu. Hilo alilirudia. Nisije peke yangu. Mkalimani alilitafsiri huku anaangalia sakafu.

Nikarudi chumbani kwenye nyumba ya wageni na ile michoro mwilini. Nilijitazama kwenye kioo, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nimejaa mistari kama kitambaa mezani kwa fundi. Nikaanza kuuliza: akishakata, ndiyo nitakubali Mama Saidi anione? Nikajijibu hapana. Nitamwonea haya makovu. Nikajiuliza tena, tukiondoa makovu? Hapana, nitamwonea haya kitu kingine, nitakitafuta mpaka nikipate. Nikakaa kitandani na hilo. Nikakukumbuka wewe na kile nilichokiona chini ya kitambaa chako, uliyekuwa ukiinua nguo za mji mzima na hakuna aliyewahi kuinua yako. Ulijua itakuwa mimi. Ulinifundisha miaka yote, na hukuwahi kunionya, wala kuniomba nifumbe macho.

Sijui kama ulikuwa na hofu. Nadhani ulikuwa nayo.

Niliporudi Ujiji nilifunga mlango kama zamani. Haikupita muda, asubuhi moja nikasikia Mama Saidi anagonga, na yule hagongi, anapigana na mlango. Nikaanza kusema nimesafiri. Akasema: "Umesharudi, tulikuona na begi. Toka. Amekufa yule mama Mrundi wa nyumba ya bati, hana mtu."

Unamjua. Yule aliyekuwa akija kwako kusikia Kirundi tu, hata kama huna cha kumwambia. Wenzake wengi wanahimizwa kurudi kwao sasa, malori yanapita, na yeye alikuwa akisema atarudi mvua zikikatika. Amekufa na kibegi chake kimefungwa tayari. Nilisimama nyuma ya mlango nikasema naumwa, na nilipokuwa nasema hivyo mkono wangu ulikuwa unatafuta mfuko wako wa kafuri.

Tukafunga mlango, mimi na Mama Saidi na maiti. Nikaanza kumimina, mikono yangu mirefu, na tone likatoka kwenye nguo yangu likamwangukia marehemu usoni. Maji machafu ya nguo, usoni. Mama Saidi akaweka kata chini. Akanijia, akanishika mkono wa nguo, akaukunja, akaukunja tena mpaka begani, akatoa pini kwenye ushungi wake akaubana. Kisha wa pili. Ngozi ikaporomoka yote, mbele ya macho yake. Aliiangalia, siwezi kusema hakuiangalia, aliiangalia kutoka juu mpaka chini kama anayesoma bango. Nikangoja.

Akasema, "Joto lote hili ulikuwa unazunguka na haya ndani ya nguo?" Akarudi upande wake, akaokota kata. "Haya. Anza na kulia."

Nikaanza na kulia. Tulipofika kumgeuza nikafungua mdomo niseme neno lako, nikakuta Mama Saidi ameshalisema. Humura, analisema kwa lafudhi ya sokoni, anakosea, analivuta pasipovutwa. Sijui alilichukua kwako lini. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Tulipokuwa tunasuuza ndoo uani nikamwuliza. Nilishindwa kuzungusha maneno, nikamwuliza hivyohivyo: "Mama Saidi, mimi nikifa utaniosha?"

Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Kwani ulidhani nani?"

Halafu akaniuliza na yeye je, maana alivyo unamjua, kiti kimoja hakimtoshi. Nikamwambia apunguze kwanza, mimi siendi bandarini kuita makuli. Alininunia palepale, Bi Zena. Mpaka leo akipita kwangu anaangalia upande wa pili, na nasikia ameacha chai ya sukari.

Sokoni nimekaa wiki nzima nikingoja kusikia habari ya mikono yangu. Nimesikia ya ndoa ya mtu, ya mbuzi wa mtu, ya mtoto wa mtu aliyefeli, zote kutoka kinywani mwake. Ya mikono sijaisikia. Sasa nakunja nguo nikiuza mawese, joto limekuwa kali.

Mwakani huenda nikarudi kwa yule daktari, kwa ajili ya vidonda vya tumbo, sukari ikikubali. Mikono nimeamua ibaki. Nimemwambia Rehema ninahitaji mtu wa kwenda naye na kwamba huyo mtu ni yeye, afunge duka. Akauliza kule kuna baridi au joto. Nimeanza kumzoeza. Akija likizo nitavua, naye atanipaka poda, akasirike, alie, atajua mwenyewe.

Ijumaa ni ngumu bado. Watu wakienda msikitini nasikiliza mlango. Nakaa na poda mkononi nikijifanya nasahau kwamba hautafunguliwa, kisha najipaka pale ninapofikia, na mgongoni sifikii. Sitaki kukudanganya kwamba nimepoa. Najaza kimya chako kwa redio na hakijai.

Sasa nakuaga, wino umeanza kukwaruza. Nakuahidi kwamba yeyote mjini hapa atakayekufa bila mtu, mwenyeji au aliyeshuka botini jana, sitamjibu nyuma ya mlango. Nitakwenda, nitakunja mikono, nitamwambia kabla sijamgeuza.

Na kile nilichokiona siku yako ninacho. Hata humu sijakiandika, na barua hii unaisoma wewe. Mama Saidi hakukiona. Sanda ilikaa vizuri, nilihakikisha mara mbili. Humura, mama.

Mwanao,
Mwavita